Rangi ya Siku ya Mvua

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne, kati ya saa saba na saa tisa mchana, mvua ikipiga mabati kiasi kwamba hata jirani wa ukuta mmoja hakusikia kitu. Saa tisa na robo mke alirudi nyumbani, akasimamisha mwavuli mlangoni, akaita, hakuitikiwa. Alimkuta mumewe kwenye chumba cha uani, chini ya meza yake ya kazi, shavu sakafuni. Kopo la thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, lilikuwa wazi juu ya meza na chumba kizima kilinuka kama gereji.

Polisi walifika saa kumi. Saa kumi na moja walikuwa wameshaondoka.

Marehemu alikuwa fundi wa pikipiki za mashindano kwa miaka ishirini na mitatu. Mwaka uliopita mwendeshaji wake alikufa uwanjani, breki ya mbele ilipoachia kwenye kona ya mwisho. Mwendeshaji huyo alikuwa shemeji yake, kitinda mimba wa kwao mkewe. Ripoti ya ajali ilisema pikipiki ilikaguliwa asubuhi ile ikapita, na kwamba kosa ni la fundi aliyeigusa baadaye. Fundi alisema haikukaguliwa kabisa. Aliyasema hayo mpaka watu wakawa wanavuka barabara wakimwona. Kazi ikaota mbawa. Akajifungia kwenye chumba cha uani, akaanza kuunda modeli ya pikipiki ile ile, ndogo mara kumi na mbili.

Mkuu wa kituo hakuhitaji zaidi ya hapo. Dirisha limefungwa, feni imezimwa, barakoa imetundikwa msumarini, na mtu anapuliza rangi: huyo kajifungia makusudi avute sumu, dhamiri ilikuwa inamsuta. Akaandika: kajiua. Wakubwa wana kalamu nyepesi. Uzito wake huujui mpaka ikuangukie wewe.

Alhamisi asubuhi Mkuu alimwita Sajenti ofisini, wala hakuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Kesho saa nne yule mama anakuja kusaini. Akisaini, anapewa mwili akazike. Wewe nenda kapige picha mbili tatu za chumba, faili lifungwe."

"Na asiposaini, afande?"

"Atasaini. Nani anataka mumewe alale kwenye barafu?"

Kituoni Sajenti walimwita Kobe, mbele yake na nyuma yake. Alikuwa na darasa la saba, miaka thelathini kazini na mistari mitatu begani. Watu aliowafundisha kufunga kamba za buti sasa walikuwa na nyota na walimwita kwa kidole. Alichukua kamera, akapiga saluti, akatoka.

Mjane alimfungulia kufuli bila kumtazama usoni.

"Pita, afande. Usikanyage hapo. Hapo ndipo alipokuwa."

Chumba kilikuwa na upana wa hatua nne. Ukutani kulikuwa na rafu yenye pikipiki kumi na moja za mashindano, kila moja ndani ya sanduku lake la kioo, zimepangwa kwa mwaka. Mezani kulikuwa na mkeka wa kukatia, kisu cha ncha, misasa iliyokatwa vipande na kupangwa kuanzia mkali hadi laini, vichupa vya rangi, na bomba la kupulizia, dogo kama kalamu, mpira wake umeunganishwa na kompresa ya hewa iliyokuwa chini. Vipande vilivyokwisha kupakwa vilisimama juu ya vijiti vya meno, vimechomekwa kwenye sponji kama miche kitaluni. Katikati ilisimama pikipiki yenyewe: fremu, injini, magurudumu, usukani. Tangi lilikuwa pembeni, jekundu, juu ya kijiti chake.

Sajenti alivuta stuli, akakaa. Hakugusa kitu. Dakika zikapita.

"Unaomba dua?" mjane aliuliza.

"Naangalia, mama."

"Yule aliyekuja Jumanne aliangalia dakika mbili."

"Yule ana macho mazuri kuliko yangu."

Mjane nusura acheke, akajizuia. Akaegemea mlango, mikono kifuani.

"Siku zote mzee alikuwa anapuliza rangi akiwa amefunga dirisha?" Sajenti aliuliza.

"Afunge afe? Akipuliza anafungua dirisha, anawasha feni, anavaa barakoa, na mimi nafukuzwa uani."

"Jumanne dirisha lilikuwa limefungwa."

"Jumanne mvua ilikuwa inanyesha."

"Kwa hiyo alilifunga maji yasiingie, akaendelea kupuliza."

"Baba, hunisikii. Siku ya mvua hapulizi." Alisema hivyo taratibu, kama anayemweleza mgonjwa dawa. "Hewa ikiwa na maji, rangi inashika ukungu. Siku ya mvua ni siku ya waya na gundi. Miaka yote hiyo nimeanika nguo kwa kumsikiliza yeye. Nikisikia kompresa najua leo kuna jua. Nisipoisikia, nguo zinabaki ndani."

Sajenti alitoa daftari lake, akaandika neno kwa neno. Mwandiko wake ulikuwa wa herufi kubwa zilizoachana kama watu waliogombana, lakini haukuruka kitu. Kisha akapiga magoti, akamulika tochi chini ya kabati. Kule nyuma, mbali na mkono wa mtu aliyekaa mezani, kulikuwa na kibano cha chuma, mdomo wake bado umebana kipande cha waya wa shaba, mwembamba kama unywele. Alikipiga picha kabla ya kukitoa kwa leso. Akainuka, akasogeza uso karibu na gurudumu la mbele la modeli. Kwenye bolti za breki kulikuwa na waya kama ule ule, umesokotwa upande mmoja kwa ustadi wa ajabu. Upande wa pili ulikuwa umeanza kusokotwa, mara tatu, kisha umeachwa unaning'inia.

"Hii waya ni ya nini?"

"Kuzuia bolti isilegee. Kwenye pikipiki za kweli zipo. Yeye alikuwa haachi kitu."

"Angeiacha hivi, nusu?"

"Hata chai ingepoa, hata mimi ningeita mpaka nikauke koo, asingeiacha nusu."

Kila kitu chumbani kilisema kwamba mtu huyu hakuwa anapaka rangi: dirisha, feni, barakoa, kibano, waya. Kila kitu isipokuwa rangi yenyewe. Sajenti aligeukia tangi. Wekundu wake ulikuwa umefifia, una weupe-weupe juu, kama kioo alichokipumulia mtu. Ganda la mbele na mkia, juu ya vijiti vyao, viling'aa.

"Na hili?"

Mjane alisogea, akainama.

"Hilo lilikwisha Jumamosi. Alinionyesha. Niliona uso wangu ndani yake kama kwenye kijiko."

"Lilikuwa hivi?"

"Si hivi. Hili limechafuliwa."

"Habari ya siku ya mvua, ulimwambia aliyekuja Jumanne?"

"Nilimwambia. Hakuandika. Aliniuliza kama tulikuwa tunagombana."

Sajenti alivaa glavu nyembamba, akashika kijiti, akapitisha ukucha juu ya tangi polepole. Karibu na mfuniko wa mafuta ukucha ulikwama kidogo. Chini ya wekundu kulikuwa na ukingo wa kitu, mwembamba kama karatasi, wenye pembe nne. Akarudia mara ya pili. Kipo.

Ukutani juu ya meza kulikuwa na ubao wenye picha za pikipiki ile, kila upande wake, zimebanwa kwa pini. Pini mbili zilikuwa hazina picha.

"Hapo palikuwa na nini?"

"Picha ya mdogo wangu amekaa juu ya pikipiki, siku ile, dakika chache kabla ya mbio. Mpiga picha wa uwanjani alimpa ya karatasi, ile inayotoka papo hapo. Mimi niliikuta mwezi uliopita kwenye mfuko wa koti la marehemu mdogo wangu, nikampa mume wangu. Aliiangalia siku nzima. Halafu Jumatatu akaitoa hapo, akasema anaipeleka mahali. Hakuniambia wapi."

"Hukumuuliza?"

"Nilikuwa nimechoka kuuliza." Akavuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza. "Afande, Mkuu wenu amenipa karatasi. Imeandikwa kwamba mume wangu alijiua kwa sababu alijua alisababisha kifo. Kifo chenyewe ni cha mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Yaani niweke sahihi kwamba mume wangu alimuua mdogo wangu, ndiyo nipewe maiti. Mama yangu yuko hai. Nitamwambia nini?"

Sajenti aliliweka tangi kwenye boksi dogo.

"Wewe una mke?"

"Nilikuwa naye."

"Alikufa na nini?"

"Alikuwa anasubiri sahihi ya bwana mmoja aende kupasuliwa. Bwana alikuwa kwenye semina." Akafunga boksi kwa utepe. "Vaa viatu, mama. Nahitaji shahidi."

Njiani alimpigia simu daktari aliyepima maiti. Daktari alikuwa anakula, alisikika akimeza.

"Nyuma ya kichwa kuna jeraha. Niliandika kwamba inawezekana aligonga meza akianguka."

"Inawezekana na kugongwa?"

"Inawezekana."

"Damu ilipimwa kama ina thina?"

"Haikuombwa, Sajenti."

"Mimi naiomba."

"Wewe una cheo cha kuomba?"

"Sina. Andika tu kwamba niliomba, na saa niliyoomba."

Mtaa wa pili kulikuwa na mzee anayetengeneza saa, ambaye kila mtu alimwita Fundi Saa. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango, na juu ya vichwa vya wateja kulikuwa na modeli zake mwenyewe za pikipiki. Yeye na marehemu walikuwa wakishindana kila mwaka, kila mmoja na modeli yake.

"Miaka tisa tumeshindana," alisema baada ya kumpa mjane pole na kumwachia kiti chake. "Nimemshinda mara moja, na siku hiyo alikuwa na homa." Akatazama boksi. "Mmeniletea nini?"

Alipachika kioo jichoni, akasogeza taa. Alilitazama tangi, akaacha, akalitazama tena.

"Nani kafanya uchafu huu?"

"Uchafu gani, mzee?"

"Mkono huu si wake. Tazama hapa chini, rangi imetiririka. Aliyepuliza alisogea karibu mno, alikuwa na haraka, na hewa ilikuwa na maji. Sasa njoo hapa." Akaonyesha kwa ncha ya sindano. "Kapaka juu ya stika. Stika ya modeli unailoweka kwenye maji, unaitelezesha mahali pake kwa brashi, unasubiri ikauke, halafu ndiyo unafunika kwa vanishi. Kazi imekwisha. Hakuna mtu anayepaka rangi juu ya stika. Hata anayejifunza leo hapaki."

"Unaweza kuitoa rangi ya juu bila kuharibu ya chini?"

"Ya chini ina vanishi ya gari, ngumu. Aliipuliza lini?"

"Jumamosi," mjane alijibu.

"Basi spiriti haitaigusa. Itakula hii changa tu."

Sajenti aliwasimamisha kwanza. Alipiga picha tangi pande zote sita. Akaandika karatasi: saa ngapi, wapi, mbele ya nani, litaguswa sehemu gani. Wote watatu wakaweka sahihi. Fundi Saa alilalamika kwamba amewahi kuuza nyumba kwa karatasi chache kuliko hizo.

"Mzee, mimi nikikosea koma moja, faili linatupwa. Mkubwa akikosea, koma ndiyo inahamishwa."

Fundi Saa alichovya kijiti chenye pamba kwenye spiriti, akakikamua, akakizungusha juu ya tangi karibu na mfuniko, taratibu, bila kukandamiza. Pamba ikawa ya pinki, kisha nyekundu. Akabadilisha kijiti. Alitumia saba. Chini ya ukungu ulianza kutokea wekundu mwingine, wa kina, uliong'aa. Kisha ukatokea mraba mdogo kuliko punje ya mchele. Ulikuwa wa njano, na ndani yake kulikuwa na tarakimu zilizoandikwa kwa mkono usiotetemeka.

Mjane aliinuka kwenye kiti, akainama juu ya meza.

"Hiyo ipo kwenye picha," alisema. "Kwenye picha ya mdogo wangu, ipo hapo hapo, karibu na goti lake."

"Ni stika ya ukaguzi," Fundi Saa alisema. "Pikipiki ikikaguliwa ikapita, wakaguzi wanaibandika. Kila mashindano yana rangi yake, ili mtu asitumie ya zamani. Siku ile ilikuwa rangi gani, mimi sijui. Muulizeni mtu wa timu."

Mtu wa timu alikuwa Meneja, bosi wa zamani wa marehemu, na Sajenti alikuwa na sababu nyingine ya kumtafuta. Mjane alikuwa amemwambia njiani kwamba Jumatatu mchana Meneja alikuja nyumbani, na kwamba sauti zilipanda mpaka paka akatoka nje. Mtu aliyegombana na marehemu siku moja kabla ya kifo, ambaye ripoti ile ilimwacha na kazi yake: hata Mkuu angemwelewa mshukiwa wa namna hiyo.

Alimkuta karakana, kati ya pikipiki mbili zilizovuliwa maganda. Alikuwa mtu mnene, shati limetoka kwenye suruali. Alipoona sare hakushtuka. Alikaa juu ya tairi kama mtu aliyekuwa anasubiri kuitwa.

"Jumanne, saa saba mpaka saa tisa, ulikuwa wapi?"

"Uwanjani, kwenye mazoezi. Mvua ilitufungia ndani ya kontena la vifaa, watu kumi na sita. Nilicheza karata, nikaliwa kila mchezo. Waulize, watakuambia kwa furaha."

Sajenti hakuwauliza kwanza. Alikwenda kwenye geti la uwanja, akaomba daftari la mlinzi. Gari la Meneja liliingia saa mbili asubuhi, likatoka saa kumi na moja jioni. Mlinzi alikuwa mtu wa kuandika mpaka paka wanaopita. Kisha ndipo akawauliza watatu kati ya wale wa karata, mmoja mmoja, mbali na wenzake. Wote walisema kontena, mvua, na kwamba Meneja hajui kucheza. Sajenti akachora mstari juu ya jina lake kwenye daftari, bila majuto, akarudi karakana.

"Jumatatu mligombana kuhusu nini?"

"Hatukugombana. Yeye alipiga kelele, mimi nikapiga kelele ili nisimsikie."

Sajenti alifungua boksi. Meneja alitazama tangi dogo na ule mraba wa njano, akafuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na mafuta.

"Mwaka jana, siku ya ajali, stika za ukaguzi zilikuwa rangi gani?"

"Kijani."

"Na njano?"

"Njano ni ya mashindano yaliyotangulia."

"Kwa hiyo pikipiki yenye njano siku ya kijani ni pikipiki gani?"

Nje mtu alikuwa anajaribu injini, ikakohoa, ikazimika.

"Haijakaguliwa," Meneja alisema. "Asubuhi kijana alianguka nayo kwenye mazoezi, breki ikaguswa, mzee akaifunga upya. Akasema haitoki mpaka wakaguzi waione. Wakaguzi wakasema muda umekwisha. Mgeni wa heshima yuko jukwaani, ameshaangalia saa mara mbili. Mzee akasimama mbele ya gurudumu. Kwenye redio ya mawasiliano nikaambiwa mwondoe."

"Ukamwondoa."

"Nikamshika mabega nikamwondoa. Na kijana akapita."

"Redioni alisema nani?"

"Redio haina sura, Sajenti. Ilisema toeni pikipiki."

"Kwenye ripoti uliyasema haya?"

"Ripoti nilipewa imeshaandikwa. Palikuwa na mahali pa sahihi yangu, pamewekwa alama ya penseli nisikosee." Akacheka kidogo, bila raha. "Lakini hata ukiwa na kidude hicho, hakuna mahakama itakayokusikiliza. Modeli si ushahidi. Mtu yeyote anaweza kubandika njano anapotaka."

"Kweli. Ndiyo maana najiuliza kwa nini mtu mwingine alihangaika kuifunika."

Meneja alilisukuma boksi mbali kidogo kwa kidole. Alikuwa amefikiri mpaka hapo, na sasa alilazimika kwenda mbele zaidi.

"Picha ndiyo ushahidi," alisema hatimaye. "Alikuja nayo sebuleni Jumatatu, akaniwekea usoni. Kijana amekaa, anacheka, njano iko gotini, na nyuma yake kuna ubao wa ratiba wenye tarehe. Alitaka nisimame naye. Nikamwambia mimi nina watoto watatu, mzee wangu, peleka polisi. Akasema barua ameshaiandika. Akanisomea."

"Ilisema nini?"

"Kila kitu. Na mwisho akaandika kwamba wakitaka kuona pikipiki ilivyokuwa dakika ile, bolti kwa bolti, waje nyumbani kwake, iko mezani chumba cha uani, mpaka stika ipo. Siku yoyote, yupo." Meneja alifuta macho kwa kiganja. "Aliwakaribisha, Sajenti. Alidhani mtu akiona kazi safi hawezi kuikataa."

"Barua aliipeleka wapi?"

"Kituoni kwenu. Alitoka hapo nyumbani na bahasha mkononi. Mimi mwenyewe nilimshusha mbele ya geti lenu."

Saa kumi na mbili kasoro robo Sajenti alisimama mbele ya kaunta ya kituo chake mwenyewe. Zamu ilikuwa inabadilishwa. Koplo wa kaunta, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa anakusanya kalamu zake, maana kalamu za kituo hazilali salama.

"Dada, naomba daftari la barua zinazoingia."

"Kobe leo anasoma?"

"Leo anasoma."

Alilifungua mwenyewe. Jumatatu, tarehe kumi na tatu. Barua ya kanisa kuomba ulinzi. Malalamiko ya mbwa. Chini yake, saa tisa na dakika ishirini, kwa mwandiko wa Koplo mwenyewe: bahasha moja, kubwa, ina picha, isikunjwe; kwa Mkuu wa Kituo. Jina la marehemu na anwani yake, na chumba cha uani kimetajwa. Safu ya mwisho ilikuwa ya aliyekabidhiwa. Hapo wengine wote waliandika jina na cheo. Kwenye mstari ule kulikuwa na mkwaruzo mmoja wa wino, mrefu, usiosomeka.

Sajenti alipiga picha ukurasa, mara mbili. Koplo aliacha kukusanya kalamu.

"Mbona unapiga picha?"

"Mtu huyu ndiye aliyekufa Jumanne. Faili lake niko nalo tangu asubuhi. Halina barua wala picha."

"Mimi niliiandika, afande. Unaona mwenyewe niliiandika." Sauti yake ilishuka. "Ilikaa hapa kaunta kama nusu saa. Niliporudi kutoka stoo haikuwepo, na mstari umeshasainiwa. Nikajua wameipandisha juu. Siku hiyo kulikuwa na kikao, watu wengi walipita hapa, wa kwetu na wageni wa Mkuu."

"Wageni gani?"

"Mimi huwa sijui majina ya wageni wa Mkuu. Najua chai yao tu. Walikuwa wanne."

Sajenti alifunga daftari, akaliweka kwapani. Koplo aliutazama mkono ule.

"Hilo haliruhusiwi kutoka kaunta."

"Andika kwamba nimelichukua mimi. Andika jina langu kamili, kwa herufi zinazosomeka."

Alitoka mpaka kwenye ngazi za nje, akampigia mjane. Alimweleza yote kwa mpangilio, bila kupunguza na bila kupamba: stika, picha, barua, bahasha iliyotoweka kaunta, daftari alilonalo. Akamwambia kwamba mumewe hakujiua, na kwamba jambo hilo sasa anaweza kulisimamia mbele ya hakimu. Kisha akamwambia sehemu ngumu. Akikataa kusaini kesho, mwili hautatoka. Huenda wiki, huenda zaidi. Wakubwa wakiudhiwa wanajua kuchelewesha.

Sajenti alisikia kiti kikivutwa.

"Atakaa kwenye barafu," mjane alisema.

"Atakaa, mama."

"Alikuwa hapendi baridi." Akavuta pumzi. "Sawa. Sisaini. Kesho saa nne nitakuja, nitawarudishia karatasi yao ikiwa tupu, mbele ya watu. Mama yangu nitamleta, asikie mwenyewe."

"Nitakuwa kaunta."

"Lakini kuna kitu sijaelewa, baba. Mume wangu aliingia humo kwenu na bahasha kwa miguu yake. Kesho yake, mvua inanyesha, mtu akaja mpaka uani kwangu, akijua chumba, akijua meza, akijua na tangi." Sauti yake haikutetemeka. "Huyo aliyesoma barua yetu, kati ya nyinyi wote, ni nani?"